Udongo Uliotwaliwa, Udongo Uliorudishwa: Habari za Wakulima wa Afrika ya Kusini

Watu wengi wa kwetu wanajua Afrika ya Kusini juu ya zahabu, almasi na miji yake mikubwa. Vijana wengi wa Katanga na wa Kivu wamekwenda Johannesburg na Cape Town kutafuta kazi, na wakiandika hutupasha habari za mitaa na za maduka. Habari za vijiji hawatupi sana. Lakini anayetaka kuelewa taabu za inchi ile aanze na shamba, kwani ugomvi wa rangi ulikuwa kwanza ugomvi juu ya udongo: nani ataulima, nani ataurithisha watoto wake, na nani atakuwa mtumishi juu yake.

Katika makala hii tutaangalia mambo matatu. La kwanza, namna sheria za rangi zilivyomwondoa mkulima mweusi. La pili, namna sheria hizo hizo zilivyomjenga mkulima mweupe. La tatu, kazi iliyofanywa tangu mwaka 1994 kusudi kutengeneza yaliyoharibika, na sababu gani kazi hiyo imekwenda polepole sana.

1. Mkulima mweusi kabla ya sheria ya 1913

Wako wanaofikiri kwamba Waafrika wa kusini hawakujua kulima mazao ya kuuza mpaka Wazungu walipowafundisha. Sivyo. Almasi ilipoonekana karibu na Kimberley, na zahabu katika Witwatersrand mwaka 1886, maelfu ya watu walikusanyika mahali pasipo na shamba. Nani aliwalisha? Kwa sehemu kubwa ni wakulima weusi wa Basutoland, wa mashariki ya Cape na wa Orange Free State. Walinunua majembe ya kukokotwa na ngombe, wakanunua magari, wakapeleka mahindi, mtama na ngano sokoni.

Wengi walilima nusu kwa nusu. Mzungu alikuwa na hati ya udongo, lakini mara nyingi hakuwa na ngombe wa kutosha wala mikono ya kulima. Mwafrika alikuwa na ngombe, jembe, na watoto wenye nguvu. Basi walipatana: huyu atoe udongo, yule atoe kazi na mbegu, na siku ya mavuno wagawanye magunia katikati. Mapatano haya hayakuwa ya usawa kamili, lakini mwenye kulima alibaki bwana wa kazi yake.

Jambo hili liliwachukiza watu wa namna mbili. Wenye migodi walitaka wafanyakazi wengi wa mshahara mdogo, na wenye mashamba walitaka watumishi. Nao waliona wazi kwamba mtu aliyejaza ghala yake haji kuomba kazi kwa bei ndogo. Mwaka 1894, katika Cape, Cecil Rhodes alipitisha sheria ya Glen Grey: kila jamaa ipewe kipande kimoja kidogo, kirithiwe na mtoto mmoja tu, na wanaume wasiotoka kwenda kufanya kazi watozwe kodi. Hiyo ilikuwa mwanzo tu.

Tarehe 19 Juni 1913, miaka mitatu baada ya kuundwa kwa Muungano wa Afrika ya Kusini, ikatangazwa Sheria ya Udongo wa Wenyeji. Sheria hiyo iliwakataza Waafrika kununua au kukodi udongo inje ya sehemu walizotengewa, na sehemu hizo zilikuwa karibu 7% tu ya inchi. Katika Orange Free State kulima nusu kwa nusu kulikatazwa mara moja. Jamaa zenye ngombe na kondoo wengi ziliambiwa: ama muwe watumishi, ama mwondoke leo.

Sol Plaatje, mwandishi wa magazeti na katibu wa chama kilichoitwa baadaye ANC, alipanda baiskeli akazunguka kuyaona mambo hayo kwa macho yake. Aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1916. Anasimulia habari za jamaa moja iliyofukuzwa wakati wa baridi. Mtoto wao mgonjwa akafa njiani, nao hawakuwa na haki ya kuchimba kaburi mahali po pote. Wakamzika usiku kwa siri, wakakimbia kabla mwenye shamba hajawaona. Mwaka 1914 wajumbe wa chama walikwenda London kuomba haki kwa mfalme. Walirudi mikono mitupu.

Mwaka 1936 sheria nyingine ikaongeza sehemu za Waafrika, ikaahidi zifike karibu 13%. Basi watu weusi, waliozidi theluthi mbili za wananchi wote, wakafungiwa ndani ya kipande hicho. Wengine waliendelea kulima nusu kwa nusu kwa kujificha, wakihama toka shamba hata shamba. Habari za mmoja wao, Kas Maine, aliyezaliwa mwaka 1894 na kufa 1985, zimeandikwa na mwalimu wa historia Charles van Onselen katika kitabu kikubwa. Mtu huyo alijua udongo, mvua na wanyama kuliko Wazungu wengi aliowalimia, lakini alikufa bila kuwa na shamba lake mwenyewe.

2. Mikono miwili ya serikali

Watu wakisema habari za ubaguzi wa rangi, mara nyingi wataja mkono mmoja wa serikali, ndio mkono wa kunyanganya. Lakini ulikuwako mkono wa pili, nao ulikuwa mkono wa kutoa. Asiyeuona huu wa pili hataelewa mambo yaliyofuata mwaka 1994.

Mwaka 1912, mwaka mmoja kabla ya sheria ya udongo, serikali ilianzisha Banki ya Udongo ya kukopesha wakulima. Nao waliokopeshwa walikuwa karibu wote Wazungu. Mwaka 1937 ikaweka sheria ya soko, na chini yake halmashauri za mahindi, za ngano, za maziwa na za mazao mengine. Halmashauri hizo zilipanga bei kabla ya mavuno na kununua mazao yote, na hasara ikitokea hazina ya serikali ililipa. Kooperativi za Wazungu zilipewa kazi ya kukusanya nafaka na ya kugawa mikopo. Reli ilipita karibu na maghala yao, maji ya mabwawa yalifika mashambani mwao, na wataalamu wa serikali waliwatembelea. Ukame ukija, madeni yao yalipunguzwa. Tena sheria ya vipande iliwaletea vibarua, na polisi iliwarudisha waliotoroka.

Basi yule mkulima mweupe aliyesifiwa ulimwenguni kwa bidii yake alikuwa kweli na bidii. Lakini nyuma yake ilisimama serikali nzima kwa miaka zaidi ya 60.

Na katika sehemu za Waafrika? Watu walizidi, udongo haukuzidi. Ngombe wengi walikanyaga malisho madogo, mvua ikachimba mabonde, mavuno yakapungua. Wanaume walikwenda migodini; wanawake, wazee na watoto wakabaki na jembe la mkono. Serikali ilipouona udongo ukiharibika haikusema, Tumewabana mno. Ilisema kwamba wenyeji hawajui kufuga. Mwaka 1939 ikaamuru mpango ulioitwa wa kutengeneza: ngombe wapunguzwe, nyumba zihamishwe na kupangwa mstari, mashamba yapimwe upya. Watu waliuchukia mpango huo kabisa, kwani ngombe kwao alikuwa banki, mahari na jembe pamoja.

Mwaka 1950 serikali iliunda komisio ya wataalamu chini ya Profesa Tomlinson ili ipime hali ya sehemu hizo. Komisio ilikuwa ya Wazungu watupu, nayo ilikubali siasa ya kutenganisha watu. Hata hivi ilisema wazi kwamba haiwezekani watu wote waishi kwa kulima katika udongo mdogo hivi. Ikashauri serikali itoe paundi milioni 104 katika miaka kumi, watu wapewe haki ya kumiliki mashamba, na viwanda vijengwe huko. Waziri Verwoerd alikataa mambo makubwa ya shauri hilo. Alishika kutenganisha, akaacha kusaidia.

Watu wakachoka. Mwaka 1958 kulikuwa fujo katika Sekhukhuneland, na mwaka 1960 katika Pondoland. Tarehe 6 Juni 1960 watu wa Pondoland walikutana mlimani, mahali paitwapo Ngquza, kuzungumza juu ya machifu, kodi na mpango wa udongo. Polisi walikuja na ndege na bunduki, wakaua watu kumi na mmoja.

Kisha ikaja kazi ya kuhamisha watu kwa nguvu. Watafiti wamehesabu kwamba toka 1960 hata 1983 watu karibu milioni tatu na nusu walihamishwa, kutoka mashamba, miji, na vijiji vya Waafrika vilivyokuwa katikati ya udongo wa Wazungu.

3. Misioni mbili

Wasomaji wetu watapenda kujua Kanisa lilikuwa wapi katika mambo haya. Jibu la haki ni kwamba lilikuwa pande zote mbili. Misioni nyingi zilikuwa na mashamba makubwa sana, na Waafrika walikaa juu yake kama wapangaji tu. Lakini wako mapadri walioiona njia nyingine.

Katika Mariannhill, monasteri iliyoanzishwa na Watrapisti mwaka 1882 karibu na Durban, aliishi Padri Bernard Huss, Mdachi. Alifundisha kwamba roho haikui vema katika nyumba yenye njaa. Toka miaka ya 1920 alizunguka vijiji vya Natal na Transkei akifundisha kilimo, kuweka akiba, na kuanzisha vyama vidogo vya kukopeshana kati ya wakulima wenyewe. Kazi yake ilizaa matunda. Lakini ilikuwa na mpaka ambao yeye hakuweza kuuvuka: unaweza kumfundisha mtu kulima vizuri namna gani, ikiwa sheria inamkataza kupata udongo?

Misioni ya pili ni Maria Ratschitz, katika kaskazini ya Natal. Watu wake walikuwa wamekaa hapo tangu zamani, wana makaburi, shule na kanisa. Mwishoni mwa Januari 1968 magari ya serikali yakaja kuwapakia. Wakashushwa Limehill, porini, wakapewa hema. Maji hayakutosha, ugonjwa ukaingia, na watoto wengi wakafa katika miezi iliyofuata. Paroko wao, Padri Cosmas Desmond, Mfransisko, hakunyamaza. Alizunguka inchi nzima kutafuta mahali pengine pa namna hiyo, akaandika kitabu juu ya watu waliotupwa. Mwaka 1971 serikali ikamfungia nyumbani mwake na kumkataza kusema na watu.

4. Mambo yaliyofanywa tangu 1994

Sheria za udongo zilifutwa mwaka 1991, na mwaka 1994 watu wote wakapiga kura. Serikali ya Nelson Mandela ikaahidi kwamba katika miaka mitano 30% ya udongo wa kilimo uliokuwa wa Wazungu utapita mikononi mwa Waafrika. Njia tatu zikafunguliwa.

Njia ya kwanza: kurudisha. Sheria ya mwaka 1994 iliwapa haki wote walionyanganywa udongo juu ya rangi baada ya tarehe 19 Juni 1913. Waliandikisha madai mpaka mwisho wa 1998, na madai yalifika karibu 80,000. Mengi yalikuwa ya mjini, na wengi walipendelea kulipwa fedha.

Njia ya pili: kugawa upya. Kila jamaa ya masikini ilipewa randi 15,000 za kununua udongo, kwa bei ya soko, kwa mwenye kupenda kuuza. Fedha hizo hazikutosha hata kidogo kununua shamba moja. Basi watu walilazimika kuungana, makumi na hata mamia ya jamaa, kusudi wanunue shamba moja lililokuwa la Mzungu mmoja. Walipolipata hawakubakiwa na fedha za mbegu wala za mafuta. Mwaka 2001 mpango ukabadilishwa: msaada ukaanzia randi 20,000 na kufika 100,000, lakini mwenye kuomba alipaswa kutoa sehemu yake mwenyewe, aliyekuwa nacho akaongezewa zaidi. Tangu 2006 serikali ikaanza kununua mashamba yenyewe na kuwakodisha wakulima.

Njia ya tatu: kuthibitisha haki ya wale wanaokaa tayari juu ya udongo, ndio wafanyakazi wa mashamba makubwa na watu wa sehemu za zamani za Waafrika. Sheria za 1996 na 1997 zilikataza kumfukuza mtu bila amri ya tribunali.

Mambo mema yalitokea, tusiyafiche. Watu wa Mogopa, waliokuwa wamenunua udongo wao kwa fedha zao na kuhamishwa kwa nguvu tarehe 14 Februari 1984, walianza kurudi kabla hata sheria haijafutwa. Walisema wanakwenda kusafisha makaburi ya wazee wao, wakayasafisha, wakakaa. Baadaye serikali ikawarudishia haki yao. Watu wa Makuleke, walioondolewa mwaka 1969 kusudi pori la wanyama la Kruger lipanuliwe, walirudishiwa mwaka 1998 hekta karibu 24,000. Wakapatana waache wanyama wakae, na wao wapate faida ya wageni wanaokuja kuwatazama.

5. Sababu gani kazi imekwenda polepole?

Ahadi ya 30% haikutimizwa mwaka 1999. Ikasogezwa mpaka 2014, nayo haikutimizwa tena. Wengi hutoa sababu moja tu, kwamba bei ya udongo ilikuwa kubwa. Ni kweli, lakini haitoshi. Fedha zilizotengwa kwa kazi hii mara nyingi hazikufika 1% ya fedha zote za serikali, na hilo laonyesha kwamba jambo halikuwekwa mbele.

Lakini sababu iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ule mkono wa pili tuliousema. Mwaka 1996, wakati ule ule wakulima weusi walipoanza kupata mashamba, sheria mpya ya soko ilivunja halmashauri zote za bei. Ushuru uliozuia nafaka ya inje ulipunguzwa, na mikopo ya bei ndogo ikaisha. Wenye kupanga hayo walikuwa na sababu za haki: kwa nini serikali ya watu wote iendelee kulipa gharama za Wazungu wachache, na kwa nini masikini wa mjini anunue unga kwa bei iliyopandishwa? Lakini angalia matokeo yake. Mkulima mweupe alikuwa amekwisha kupanda mlima kwa ngazi ya serikali. Mwafrika alipofika chini ya mlima, ngazi ilikuwa imeondolewa. Aliambiwa ashindane sokoni na mtu mwenye trakta, ghala, jina zuri banki, na kooperativi iliyogeuka kampuni.

Hata kati ya Wazungu wengi hawakuweza. Mwaka 1993 palikuwa mashamba ya biashara karibu 58,000. Mwaka 2002 yalibaki karibu 46,000, na miaka mitano baadaye karibu 40,000. Madogo yalimezwa na makubwa. Na makubwa yalitumia mashine, yakapunguza watu. Tena wenye mashamba wengi waliogopa sheria mpya za kulinda wafanyakazi, wakawaondoa kabla hazijashika nguvu. Uchunguzi mmoja uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba toka 1994 hata 2004 watu karibu 940,000 walifukuzwa mashambani. Ni neno la kuhuzunisha: katika miaka kumi ya kwanza ya uhuru, waliofukuzwa mashambani walizidi waliopewa mashamba.

Sababu nyingine ni hati. Karibu theluthi moja ya wananchi wanakaa katika sehemu za zamani za Waafrika, na haki yao juu ya udongo haijaandikwa vema. Sheria ya mwaka 2004 ilitaka kuyapa mabaraza ya machifu uwezo mkubwa. Vijiji vinne vikaenda tribunali, na mwaka 2010 Tribunali ya Katiba ikaifuta kwa kuwa haikupita njia iliyoamriwa. Katika mashamba yaliyonunuliwa na serikali, mkulima ni mpangaji tu: hawezi kukopa banki, na ofisa aweza kumwondoa. Mzee David Rakgase wa Limpopo alilima shamba la serikali miaka mingi, akaahidiwa kuuziwa, akasubiri. Mwaka 2019 alishinda serikali mbele ya tribunali ya Pretoria. Na mashamba mengine yalipewa watu wa mjini wenye rafiki katika serikali. Jambo hilo lilisemwa wazi mwaka 2017 na wachunguzi walioongozwa na Kgalema Motlanthe, aliyekuwa rais wa inchi.

Siku za karibuni mabishano yamekuwa juu ya kutwaa udongo bila malipo. Mwaka 2021 bunge lilishindwa kubadili Katiba, kwa kuwa kura 204 zilipatikana na zilihitajiwa 267. Januari 2025 rais alitia sahihi sheria mpya ya kutwaa mali kwa faida ya wote, inayokubali kwamba mara chache malipo yaweza kuwa sifuri. Kelele zimekuwa nyingi, ndani na ngambo. Lakini mkulima mdogo angali anauliza maswali yale yale: nani atanipa hati, nani atanikopesha, na nani atanunua mahindi yangu?

6. Neno la mwisho

Basi tujifunze nini? Wengi wetu tutatumwa vijijini, na watu watatuletea maneno ya udongo kabla ya maneno mengine yote. Historia hii yatufundisha kwamba kufuta sheria mbaya ni kazi ya siku moja, lakini kilichojengwa na sheria hiyo hukaa. Mtu aliyenyanganywa shamba hakunyanganywa udongo mtupu. Alinyanganywa ngombe wake, soko lake, njia yake, na ujuzi ambao angewaachia watoto wake. Ukimrudishia udongo peke yake, umemrudishia sehemu tu.

Padri Huss alileta ujuzi, lakini udongo haukuwako. Serikali ya 1994 ilileta udongo kidogo, lakini mikopo, soko na hati havikufuatana nao. Nao watu wa Mogopa walianza na fagio na jembe makaburini, bila kungoja mtu awape ruhusa. Huenda wao walielewa kuliko wote kwamba anayerudi kwenye udongo wake anarudi kazini, na kazi hiyo yataka wenzake wakae pamoja naye mpaka mavuno ya kwanza yaingie ghalani, na ya pili, na ya tatu.